Kijiji Kilichopakwa Manjano

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha ramani nilitoka mbio nikidhani kuna chupa ya dawa iliyopasuka. Macho yalikuwa yanatiririka machozi na koo limenikaba. Ndani, katikati ya harufu ile, mzee mmoja mrefu alikuwa amesimama ametulia tuli, akivuta karatasi kubwa kutoka kwenye mashine kana kwamba anatoa mkate kwenye tanuri. Alipomaliza alinifuata barazani.

"Ni amonia," akasema. "Mashine ya kunakili ramani haiwezi kufanya kazi bila hiyo. Utaizoea kabla hujaizoea chai ya hapa."

Huyo alikuwa Mzee Ogola, mchoraji wa ramani wa ofisi yetu ya afya, na kuhusu chai alisema kweli.

Kevin, ambaye sasa ameketi kwenye kiti changu, ameniomba niwaandikie ninyi mnaoanza kazi ile. Vyeo na mishahara sitavigusa. Hivyo kila mtu ana vyake na havifundishi kitu. Nitawaeleza jinsi nilivyofundishwa kugawa idadi katika makundi ili zipakwe rangi, na wiki moja ambayo ugawaji huo ulinishtua mpaka leo sijarudi kuwa kama nilivyokuwa.

Mimi ni mzaliwa wa mtaa wa Kaloleni, Kisumu. Wazazi wangu walitoka Murang'a, mama akawa anauza vitambaa mjini Kisumu, nami nikakua nikicheza na watoto wa majirani na kujua Dholuo kabla sijajua vizuri Kikuyu cha nyumbani. Mzee Ogola aliposikia ninaitwa Wairimu, jina la Kikuyu, alinisemesha Kiswahili cha taratibu, kama mgeni. Nilipomjibu kwa Dholuo alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Kuanzia siku hiyo aliniita nyathina, yaani mwanangu.

Enzi hizo tulichora kwa mkono. Mipaka ya kata ndogo ilichorwa kwa kalamu ya wino kwenye karatasi angavu, kisha tukapaka rangi kwa penseli, nyepesi mahali penye idadi ndogo, nzito mahali penye idadi kubwa. Mwezi wa kwanza niliharibu karatasi nyingi. Nilikuwa napokea idadi kutoka kliniki, natafuta ya juu kabisa na ya chini kabisa, nagawa katikati yake hatua tano zilizo sawa, na kuanza kupaka. Mzee Ogola aliniacha nimalize moja, akaitazama, akaniuliza, "Umezisalimu?"

"Kina nani, Mzee?"

"Idadi."

Alichukua kipande cha karatasi, akachora mstari mmoja mrefu kama barabara ya Ahero. Akaniambia niweke nukta kwa kila kata ndogo mahali pake kwenye mstari ule. Nilipomaliza nikaona kitu ambacho sikukiona zikiwa zimepangwa safusafu: nukta nyingi zilikuwa zimesongamana sehemu moja, nyingine chache zimekaa kando, na moja iko mbali peke yake. Mpaka wangu wa kwanza ulikuwa umekata msongamano ule katikati. Kata mbili zilizokuwa karibu mapacha nilizipaka rangi mbili tofauti, na kata zilizoachana sana nilizitia rangi moja.

"Mpaka ukiweka hapa," akasema akigusa pengo kati ya nukta, "hutamgombanisha mtu na jirani yake bure."

Kompyuta zilipokuja, kazi ile iliyotuchukua wiki ikawa ya dakika chache. Programu inakuuliza unataka makundi mangapi na kwa njia gani. Hatua sawa. Idadi sawa ya maeneo katika kila kundi. Mapengo ya asili, ambayo ndiyo ile barabara ya Ahero ya Mzee Ogola, sasa inapigwa hesabu na mashine. Au uweke mipaka kwa mkono wako mwenyewe. Mzee Ogola alijifunza kompyuta akiwa na miaka iliyozidi hamsini na hakuogopa. Alichokichukia ni kwamba programu hukupa ramani kabla hujafikiri.

Kisa kigumu cha kwanza kilikuwa cha vyoo. Tulitakiwa kuonyesha ni kaya ngapi katika kila wadi zina choo. Ofisi nyingine ilichora ramani kwa njia ya idadi sawa, yaani kila kundi lipate idadi ileile ya wadi. Njia hiyo hutoa ramani yenye kupendeza, rangi zimesambaa vizuri. Shida yake ni kwamba lazima sehemu moja ya tano iwe mbaya kuliko zote, hata kama wote wako sawa. Diwani mmoja alikuja ofisini akiwa ameikunja ramani kwapani.

"Mama," akaniambia, "nieleze kwa nini watu wangu wamepakwa weusi hivi. Mpinzani wangu ameibandika kwenye kila kituo cha bodaboda."

Nilimfungulia idadi zenyewe. Tofauti kati ya wadi yake na ile iliyosifiwa kwa rangi nyeupe ilikuwa kaya chache tu, ambazo zingeweza kuchimba vyoo wikendi moja kama kungekuwa na pombe ya kutosha. Alizitazama, akasema, "Kwa hiyo nimetukanwa na rangi." Nilimchorea nyingine kwa mapengo ya asili, ambayo karibu wadi zote zilitoka sawa. Hakuifurahia pia. Alitaka ile ambayo mpinzani wake ndiye mweusi, na hiyo sikuwa nayo.

Mzee Ogola alistaafu akarudi nyumbani kwake, kwenye bonde chini ya Katito, huko Nyakach, kwa mke wake Mama Achieng. Mama Achieng alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, fundi wa kushona, ambaye kila Desemba alinitumia mfuko wa njugu na maneno kwamba nimekonda. Nilikuwa nawatembelea mara mbili tatu kwa mwaka. Mzee alipanda ndizi kwa mistari iliyonyooka kama imepigwa rula, na mkewe alimcheka kwa hilo mbele ya wageni.

Kisha ukaja ule mwaka ambao ziwa lilipanda na kukataa kurudi. Nyumba za ufukweni zikaingiwa na maji, vyoo vikafurika, visima vikachanganyika na yaliyomo vyooni. Kipindupindu kikafuata. Nilikuwa likizoni kumuuguza dada yangu kilipoanza, na niliporudi kazini Jumatatu nilikuta ramani imeshachorwa, imechapishwa, imebandikwa ukutani na kusambazwa kwenye simu za watu wote.

Ilikuwa ramani safi. Kevin alikuwa ameichora kwa uangalifu. Aligawa wagonjwa kwa idadi ya watu wa kila kata ndogo, kama inavyotakiwa. Ufuo mmoja upande wa Seme ulikuwa mwekundu wa damu. Kata moja ya jirani yake ilikuwa ya machungwa. Kwingine kote, kuzunguka ghuba mpaka Nyakach, ilikuwa manjano nyepesi, manjano ya maji ya mchele.

Mkurugenzi wetu, ambaye tulimwita Daktari tu, alikuwa amesimama mbele yake na kikombe cha kahawa. Alikuwa hajalala vizuri siku nyingi. "Angalau adui ana anwani," aliniambia. Malori ya maji, dawa ya kutibu visima, dripu na wauguzi wa ziada, vyote vilikuwa vinaelekea ufuo ule, na wagonjwa mahututi walikuwa wanapelekwa hospitali ya Kombewa. Nilimuuliza Kevin alitumia njia gani. "Hatua sawa," akajibu. "Daktari alisema viongozi wataielewa upesi." Hilo nalo lilikuwa kweli. Nilisema nitaziangalia idadi nikipata nafasi.

Nafasi sikuipata. Jumanne asubuhi simu yangu ililia, nikasikia sauti ya Mama Achieng, lakini ilikuwa ndogo, si ile yake.

"Wairimu, Mzee ni mgonjwa. Tuko hapa dispensari tangu jana. Anaharisha maji tu. Sista anasema dripu zimeisha."

"Zimeisha vipi, Mama?"

"Zimeisha tu. Watu ni wengi."

Niliketi na simu sikioni nikiitazama ramani ukutani. Kidole changu kilikwenda chenyewe mpaka kwenye kata yao. Manjano. Nilidhani Mama amechanganyikiwa kwa hofu. Nadhani hicho ndicho nilichokiamini nilipokuwa naingia kwenye gari la ofisi: kwamba ni mgonjwa mmoja, mzee wangu, na mke aliyeshikwa na wasiwasi. Njiani nilinunua machungwa na glukosi.

Dispensari ile ina vyumba vitatu na veranda. Nilisikia harufu kabla dereva hajazima gari, na nikakumbuka amonia, ila hii haikuwa ya mashine. Watu walikuwa wamelala verandani wakiwa wamebanana, wengine juu ya magunia, wengine juu ya kanga, kila mmoja na ndoo yake. Mwanamke mmoja alikuwa amemshika mtoto miguuni pake, mtoto amelegea, macho yamezama ndani. Hakuna aliyekuwa analia. Ukimya ule ndio ulionitisha zaidi. Nilisimama pale na machungwa mkononi, sikujua niyaweke wapi.

Muuguzi aliyekuwa zamu, Sista Beatrice, alitoka akiwa amevaa viatu vya mpira. Nilipomwambia natoka ofisi gani alinitazama kama mtu aliyeona maiti imekaa.

"Mmekuja na dripu?"

"Hapana, Sista. Nimekuja kumwona mgonjwa."

Alifuta uso kwa upande wa juu wa mkono. "Nimetuma idadi kila jioni. Kila jioni. Je, hazikufika?"

"Zilifika."

"Zilifika." Alirudia neno lile polepole. "Tuliona ramani yenu kwenye simu, ya manjano. Nikapiga simu kuomba dripu, kijana wa stoo akaniambia kata yenu iko kundi la chini, mngojee. Mimi ndiye niliyewatumia idadi. Zimefika, na bado tuko kundi la chini. Nieleze hapo."

Niliweka machungwa chini. Miaka yote ile nilijua jambo hili kama mtu anavyojua kanuni, ningeweza kulifundisha darasani na chaki mkononi: kwamba sehemu moja ikiwa mbaya kupita kiasi, hatua sawa hunyooshwa mpaka kundi la chini linameza kila kitu, kuanzia sifuri ya salama mpaka maafa. Sikuwahi kuona linavyoonekana likiwa limelazwa sakafuni.

Mzee Ogola alikuwa kona ya chumba cha pili. Mwili wake mrefu ulikuwa umebaki mifupa na shuka. Mama Achieng alikuwa amechuchumaa pembeni, akimnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, tone kwa tone, na alipojaribu kusimama kunisalimu aliyumba akashika ukuta. Nilimwambia akae. Alisema amechoka tu, hajalala.

Mzee alinitambua. Midomo ilikuwa imepasuka.

"Nyathina," akasema. "Mmetupaka rangi gani?"

Nilimwambia manjano.

Alifumba macho. Nikadhani amelala. Kisha akasema, "Kuna ya mbali peke yake?"

"Ipo, Mzee. Ufuo mmoja kule Seme."

"Hatua sawa?"

"Ndiyo."

Mkewe alitutazama sisi wawili, mmoja kisha mwingine. "Mnaongea nini? Mwacheni anywe," akasema, na akarudi kwenye kijiko chake.

Nilitoka nikamshika Sista Beatrice mkono. Nilimuuliza swali ambalo nilitamani angeulizwa mapema: wagonjwa wakiwa wangapi kwa siku anaweza kuwamudu kwa vifaa alivyo navyo, wakifika wangapi anahitaji kuletewa vifaa, na wakifika wangapi vifaa peke yake havisaidii, lazima aletewe watu. Alinijibu bila kufikiri, kwa sababu alikuwa ameipita mipaka yote mitatu wiki hiyo hiyo. Kwenye gari niliwapigia wauguzi wa zahanati nyingine mbili, nikawauliza vilevile. Majibu yao hayakuachana sana na yake.

Jumatano asubuhi mimi na Kevin tuliichora upya. Idadi hatukuzigusa hata moja. Majibu ya wauguzi tuliyageuza kuwa wagonjwa kwa idadi ya watu, tukaweka mipaka kwa mkono, makundi matatu tu: wanaomudu, wanaohitaji vifaa, wanaohitaji watu. Tukabonyeza. Kevin alisukuma kiti nyuma kama aliyeona nyoka chini ya meza. Bonde lote chini ya Katito lilikuwa jekundu. Eneo lote mto unapoingia ziwani, jekundu. Vijiji vya upande wa pili wa ghuba ambavyo hatukuwa hata tumevitaja, vyekundu au vya machungwa. Ufuo wa Seme ulikuwa bado mwekundu, ila sasa ulikuwa na wenzake wengi.

Tuliipeleka kwa Daktari ikiwa bado ina joto la mashine. Alikuwa katika kikao. Aliitazama, akamtazama Kevin, akanitazama mimi.

"Haya ni maambukizi ya leo?"

"Hapana, Daktari. Ni idadi zilezile za ramani iliyoko ukutani."

"Zilezile?"

"Zilezile."

Aliinuka akaenda kusimama mbele ya ile ya zamani, akaishikilia ile mpya kando yake. Alirudia mara mbili kuzilinganisha kata moja moja kwa kidole, na huyu ni mtu niliyewahi kumwona akimshona mtu aliyeumwa na kiboko bila kusita.

"Kwa hiyo hii ilikuwa inadanganya?"

"Haikudanganya. Kila idadi iliyomo ni ya kweli. Ni mahali tulipoweka mipaka."

"Na mimi ndiye niliyesema hatua ziwe sawa," akasema. Hakumwambia mtu yeyote hasa. Kisha akavuta simu na kuanza kuamuru. Nusu ya malori yakageuzwa. Wauguzi waliokuwa wanangojea kwenda Seme walipakiwa kwenye magari ya kwenda Nyakach kabla ya chakula cha mchana. Dripu zilifika kwa Sista Beatrice alasiri hiyo, na aliniambia baadaye kwamba tangu wakati ule watu waliofika kwake wakiwa hai waliondoka wakiwa hai, karibu wote.

Mzee Ogola aliondoka akiwa hai. Mama Achieng hakuondoka. Ule uchovu aliosema ni wa kukosa usingizi haukuwa wa usingizi. Alianguka Jumanne usiku pale pale penye mkeka wa mumewe, na alikuwa mwembamba na mwenye umri, na hapakuwa na kitu cha kumtundikia. Nilipata habari kwa simu ya Sista, nikiwa katika korido nje ya kile kikao, bado nimeshika nakala ya ramani. Nilimwomba arudie. Akarudia.

Walimzika siku hiyo hiyo kwa masharti ya ugonjwa, watu wachache, bila kulala matangani. Nilikwenda kumpa pole Mzee alipopata nguvu ya kukaa kitini. Cherehani ya mkewe ilikuwa imefunikwa kwa kanga. Aliniomba aione ramani, nikampa, kwa maana nilijua ataiomba. Alivaa miwani. Aliipitia yote kama alivyokuwa akipitia kazi zangu za zamani, kuanzia ufunguo wa rangi kwanza, kisha mipaka, kisha ndani.

"Makundi matatu yanatosha," akasema. "Mmeweka mipaka penye maana. Mliichora lini?"

"Jumatano asubuhi, Mzee."

Alitikisa kichwa kidogo. "Min Achieng alifariki Jumatano alfajiri," akasema, akimwita mkewe kwa Dholuo.

Akaikunja mara mbili, taratibu, akanirudishia. Hakunilaumu, wala hakumlaumu mtu mwingine yeyote, siku ile wala baadaye. Binti yake akaleta chai, nami nikainywa yote maana sikujua mikono yangu ifanye nini kingine.

Nilifanya kazi miaka kadhaa baada ya hapo. Njia za kugawa makundi mtazisoma kwenye vitabu na programu itawapa zote, kwa hiyo sitazirudia. Nitawaambia kimoja nilichokuwa nakifanya. Kabla ramani haijachapishwa natafuta mahali penye rangi nyepesi kuliko zote, natafuta nambari ya mtu anayefanya kazi huko, na nampigia. Kevin alinicheka mwanzoni, akaacha. Mara nyingi hujibu kwamba ni wazima, anashangaa kwa nini namsumbua, tunaulizana habari za mvua na kuagana.

Mwaka wangu wa mwisho tulichora ramani ya akina mama wanaofariki wakijifungua. Kata moja ya mlimani ilitoka nyeupe kabisa, safi, kundi la chini. Wenzangu waliisifu. Nikampigia muuguzi wa huko, nikajitambulisha, nikamwambia naona kwao hakuna tatizo, nataka tu kuhakikisha.

Nikasikia viatu vyake vikitoka mahali penye watu.

"Mama," akasema hatimaye, kwa sauti ya chini, kama mtu anayefunga mlango nyuma yake. "Ni nani amewaambia kuhusu wale ambao hatukuwaandika?"

"Hakuna aliyetuambia," nikamjibu, nikavuta kiti. "Niambie wewe."